Hati za Nyumba za Kisiwani

Mpangaji wangu wa ghorofani, hapa Kibokoni, alikuwa mzee wa Kifaransa, mstaafu wa serikali. Kazi yake yote aliifanya katika kisiwa cha Wangazija ambacho nchi yake imekikalia hadi leo. Adabu alikuwa nazo, siwezi kumsingizia. Lugha ya kule aliisema sawasawa, na kila asubuhi alinisabahi kabla sijamsabahi.

Alipojua kwamba mama mdogo wangu, ninayeishi naye, ametoka kisiwa hicho hicho, alifurahi kama aliyepata jamaa. Alasiri moja akashuka kunywa kahawa nasi, akaanza kujisifu. Nyumba za kule hazikuwa na karatasi, akasema; yeye ndiye aliyepita mtaa kwa mtaa akaziandikisha, kila moja ikapata hati.

"Kwa jina la nani?" mama mdogo akauliza.

"La mume, bila shaka."

Bila shaka, eti. Kule nyumba ni ya mwanamke. Wazazi humjengea binti yao, mume huja na nguo zake, na wakiachana huondoka nazo. Mume wa mama mdogo alipomwacha, alibaki ndani na hati yake. Aliyetoka na nguo ni mama mdogo. Binti yake anaidai nyumba ile mahakamani mpaka sasa.

Mama mdogo akamwomba mzee barua moja tu ya kupeleka mahakamani, aandike kwamba wanawake hakuwauliza. Mzee akapuliza kahawa yake.

"Nilifuata utaratibu, bibi. Na wakati ule hakuna aliyelalamika."

"Tulilalamika mlangoni pako," mama mdogo akasema. "Ukatujibu kwa lugha yetu, vizuri kabisa, twende tukawalete waume zetu."

Barua hakuandika. Siku zikapita, naye ananisabahi vile vile. Mwishowe nikampa mwezi mmoja ahame. Hakubishana nami hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja barazani kwa mume wangu, akamwomba kiungwana amruhusu aendelee kukaa nyumbani mwake.

"Nyumba si yangu, bwana," mume wangu akamjibu. "Ni ya mke wangu. Mimi mwenyewe nilikuja hapa na sanduku langu."

Barazani walicheka sana. Nami niliposimuliwa nilicheka, tena kwa kinyongo. Mama mdogo hakucheka. Siku mzee alipohama, mama mdogo alipanda ghorofani polepole, akafungua droo zote, kutazama kama ameacha karatasi yoyote.