Kuvu kwenye mtumbwi wa Mama Sabina

Leo nimekutana na mtaalamu asiyejua kuinama.

Kaja mwaloni kwetu, hapa ziwani mitumbwi inapotia nanga, na kioo cha kukuzia, buti zinang'aa. Akaona madoa meusi kwenye mtumbwi wa Mama Sabina, akaamuru uchomwe moto.

"Kuvu ya baharini hii. Ililetwa na mbao za nje miaka ya tisini, soko lilipofunguliwa."

Mama Sabina hana mtumbwi mwingine. Akanigeukia: "Mwalimu, na wewe umenyamaza?"

Jamani! Kabla ya hilo soko huria nilishawaleta wanafunzi hapa kuhesabu kuvu kwenye magogo ya ufukweni. Tulikuta nyeusi, nyeupe, hata za rangi ya chungwa. Kuvu hula mti uliokufa. Ndiyo kazi yake, na haikusubiri meli ya mtu.

Nikamwonyesha matete makavu, hatua tatu tu kutoka aliposimama. Madoa yale yale.

"Na haya tuyachome, baba? Tuanzie hapa tuishie wapi, kisiwani Ukerewe?"

Akainama, mwishowe. Akatazama. Kisha akasema ataandika ripoti.

Niambieni, ataandika nini?

Mama Sabina akawaita wavuvi wake, wakausukuma mtumbwi majini. "Andika tu, baba. Sisi tunawahi nyavu."