Hakuna Anayetaka Kuigiza Shemeji

Kahangwa, fundi baiskeli wa Buganguzi, alirudisha koti la kuigizia shemeji asubuhi na mapema. Alikuwa mwanamume wa tatu kulirudisha ndani ya wiki mbili.

"Nisamehe, Felicitas," alisema, akiwa bado mlangoni. "Jana niliagiza sabuni dukani, wakaniuliza kama ni ya kunawia mikono iliyompora mjane. Na picha yenyewe hata hujapiga!"

"Ni maigizo tu, Kahangwa."

"Maigizo ni huko Dar es Salaam. Mwigizaji wa kule akimaliza anapanda gari lake, anaondoka. Mimi nikimaliza narudi kilabuni, nakunywa lubisi na watu walewale."

Felicitas alilipokea koti, akalikunja. Miaka sita iliyopita aliacha cherehani yake Kitendaguro, Bukoba mjini, akarudi nyumbani na kamera kuukuu ya mpiga picha wa harusi. Tangu hapo ametengeneza filamu nne kwa Kihaya, waigizaji wakiwa majirani zake. Hatumii maandishi. Mwenye kisa hukisimulia, kikundi hukiigiza, naye mwenye kisa huwasahihisha. Filamu ikikamilika, ukumbi wa parokia ndio huiona kwanza.

Hii ya tano ilikuwa ya Alistidia, mjane aliyeondolewa kwenye kibanja chake cha migomba na kahawa siku tatu tu baada ya kuanua matanga. Aliyemwondoa ni shemeji yake, ndugu wa marehemu. Alistidia alikubali kisa chake kiigizwe kwa sharti moja: kiigizwe hapahapa, na watu waliokaa kimya siku ile. Bila shemeji, filamu isingekuwapo.

Rutaihwa, muuza filamu wa Bukoba mjini, alipiga simu mchana huohuo. Alikuwa tayari kuleta staa wa kuigiza shemeji, ila filamu iwe ya Kiswahili, iwe na mchawi, na mjane apate kijana wa kumpenda.

"Alistidia ana miaka hamsini na minane," Felicitas alimwambia.

"Ndiyo maana nasema tumbadilishe."

"Huyo habadilishwi," alisema Felicitas, akakata simu.

Jumamosi kikundi kilikutana uani kwa Evelyne, mwanakikundi ambaye nyumba yake inafanana na ile alimofukuzwa Alistidia. Felicitas aliwaeleza ukweli: shemeji hakuna. Mmoja akapendekeza aonekane mgongo tu, mwingine akataka isikike sauti peke yake. Alistidia, aliyekuwa akimenya ndizi, alifuta utomvu mikononi, akanyoosha mkono.

"Nipeni hilo koti."

"Na mjane awe nani?" Felicitas aliuliza.

"Evelyne. Maneno ya shemeji nani anayajua kunishinda? Nimeambiwa mimi, mlangoni kwangu."

"Leo tutaona shemeji wa sketi!" Kahangwa alidakia, watu wakacheka.

"Sketi haisemi, Kahangwa. Sikiliza kinywa."

Felicitas aliwasha kamera akitarajia makelele, maana shemeji wa kwenye filamu siku zote hufoka. Alistidia hakufoka. Alisogea mlangoni taratibu, akainama kidogo.

"Waitu shemeji, umekula?" aliuliza kwa upole, waitu yake ikiwa ya heshima. "Umechoka, maawe, pole sana. Nipe ufunguo wa stoo nikutunzie. Nenda kwenu ukapumzike. Migomba tutakuangalizia."

Evelyne alitakiwa kulia. Alisahau. Mkono wake ulikwenda kiunoni kutafuta ufunguo ambao hakuwa nao. Felicitas hakuzima kamera.

"Ndivyo alivyosema," Kahangwa alinong'ona. "Hivyohivyo."

Alistidia aligeuka. "Unajua kwa sababu ulikuwapo. Ulikaa kwenye benchi, ukatazama chini."

Kahangwa alitazama tena chini.

"Tunarudia," alisema Felicitas. "Leteni benchi, liingie kwenye picha."

Watu wawili walilibeba hadi karibu na mlango. Felicitas alielekeza kamera, akasubiri. Kahangwa alikwenda kukaa. Halafu jirani yao Kamala, ambaye hakuna aliyemtaja, alitoka kwenye kundi, akakaa karibu naye, naye akatazama chini kama siku ile.