Mgongo wa Stempu ya Mdogo Wangu

Nilipiga magoti chumbani kwa mdogo wangu, nikasali vizuri kabisa, nikasema amina, halafu nikaiba.

Msinihukumu bado.

Marehemu baba alikuwa karani wa posta. Alituachia stempu mbili zinazofanana, kila moja na bahasha yake. Yangu aliiandika "Mkubwa". Ya huyu mdogo wangu wa kike, "Mdogo".

Mimi ni fundi viatu. Gundi naijua hata kwa harufu. Sikujua kwamba gundi ya nyuma ya stempu inaweza kumnyima mtu usingizi.

Tulizipeleka kwa mzee mmoja anayenunua stempu, watu wanamwita Miwani. Alizishika kwa kibanio, taratibu, akazigeuza. Kwa mbele ni pacha: rangi ileile, meno ya pembeni yote yamo, hazijagongwa muhuri. Lakini yangu iliwahi kubandikwa kwenye albamu, ikabanduliwa, mgongoni ikabaki na kovu. Ya mdogo wangu gundi inang'aa kama imepakwa jana.

"Hii moja inanunua kumi kama yako," akaniambia.

Akatuonya tusiguse mgongo kwa vidole. Jasho tu linatosha kuiharibu.

Jamani, niliumia. Huyu binti alisoma kwa wakati wake, leo ni muuguzi. Mimi na mvi zangu nabanana kwenye dawati la darasa la jioni, nahangaikia ada ya mtihani. Na bado baba akampa yeye iliyo safi?

Nilimwomba Mungu aniondolee wivu. Siku nne mfululizo. Nikaona anachelewa.

Jumatatu, mdogo wangu akiwa zamu, nikafungua droo yake. Yake nikaitia kwenye bahasha yangu, yangu kwenye yake. Sikugeuza kuangalia mgongo. Mikono ilikuwa imelowa jasho, na mzee alishakataza.

Yaani katazo la Miwani nililiheshimu. La Mungu, hapana.

Ijumaa tukarudi kuuza. Yangu ikageuzwa kwanza.

Kovu.

Miwani akageuza ya mdogo wangu. Inang'aa.

Mdogo wangu akakunja uso. "Kaka, mbona hivi? Jumapili ulipokwenda kanisani nilizibadilisha. Nilitaka ulipie mtihani bila kuona unasaidiwa. Imerudije kwangu?"

Nilitamani kusema sijui. Nikasema ukweli wote, mbele ya mzee, nikiangalia sakafu.

Hakunigombeza. Alirudisha stempu kwenye bahasha yake, akaitia kwenye mkoba.

"Basi, kaka. Umejichagulia."

Akatangulia nyumbani peke yake.

Mtihani nitaufanya mwakani, Mungu akipenda. Tunasalimiana, lakini droo sasa ina kufuli.

Ndugu msomaji, kama kuna mtu wa kwenu unamwonea wivu, mwambie uso kwa uso, hata kama ni aibu. Mimi ningemwambia wangu Jumatatu ile asubuhi, angenijibu palepale kwamba ile safi tayari ni yangu.