Mgongo wa Xavérine Katika Picha Tatu

Familia ya marehemu Mukandutiye wa Nengo, mtaa wa Gisenyi, inapenda mzaha, na ushahidi wanao. Kuna picha tatu ambazo Belyse, mjukuu, amezipanga pamoja kwenye simu yake ili kila mgeni aonyeshwe. Ya kwanza ilipigwa zamani, familia ikiishi bado Goma, ng'ambo ya mpaka: Protais, mtoto wa kwanza wa Mukandutiye, ana miaka mitatu na amepanda mgongo wa msichana aliyepiga magoti na kushika mchanga kwa mikono. Ya pili ni ufukweni Gisenyi, baada ya kurudi Rwanda. Msichana amekuwa mtu mzima, aliyempanda ni Belyse, binti wa Protais, na Protais mwenyewe ameshika kitenge kama hatamu, amecheka hadi macho yamefumbika. Ya tatu ni ya juzi tu, uani. Mgongo ni uleule, na juu yake yuko Jack, mtoto wa Belyse. Vizazi vitatu, punda mmoja!

Wageni hucheka, kisha huuliza huyo wa chini ni nani, maana katika picha zote tatu uso wake unatazama ardhi.

Ni Xavérine. Mukandutiye alimchukua kutoka kijijini Cyanzarwe angali mdogo, mtoto wa binamu yake, ili amchezeshe Protais. Akamchezesha. Halafu akapika, akafua, akalea Belyse, akalea Jack, na Mukandutiye alipopooza ni yeye aliyemgeuza na kumwosha mpaka alipokata roho. Mshahara hakuuliza, kwani mtoto wa nyumba halipwi, ndivyo alivyoambiwa. Fundi cherehani mmoja wa mjini alikuja kumposa. Wakamwuliza mbele ya watu kama amekuja kuoa punda wao, yule mwanamume akaona haya na hakurudi tena. Xavérine alicheka pamoja nao, kisha akaenda kulia jikoni. Watu husema shukrani ya punda ni mateke. Aliyesema hivyo hajawahi kubeba mzigo wa mtu.

Kitu kimoja tu alikuwa nacho: neno la Mukandutiye. "We utatoka humu siku ukibebwa," mama yule alimwambia akiwa kitandani. Xavérine aliliamini neno hilo: angeishi humo mpaka siku ya kufa kwake. Lakini wafu hawaulizwi, na mwaka haujaisha Protais na ndugu zake wakaiuza nyumba kwa mtu anayetaka kujenga hoteli.

Tangu siku hiyo Xavérine alikuwa na swali moja. Alimuuliza Protais akimwekea chai, "Papa Belyse, nyumba ikienda, mi nitaenda wapi?"

"Tutakufunga ku sanduku, Xavérine, twende na we Kigali!" Protais akacheka, na wote waliokuwa mezani wakacheka. Alipouliza tena wiki iliyofuata, jibu lilikuwa mzaha mwingine. Hakuna aliyemwambia ndiyo, wala hapana.

Jumapili ya mwisho wakakusanyika kuaga nyumba. Walikula, wakanywa, wakagawana albamu za marehemu. Kisha Belyse akatoa simu.

"Tantine, inama kidogo! Tupige ya mwisho. Jack iko tayari."

Xavérine hakuinama. Aliingia sebuleni, akakivuta kiti cha mikono cha Mukandutiye mpaka uani, akajifunga kitenge mabegani na kukaa wima. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kukikalia kiti kile.

"Leo sitainama," akasema. "Mupige mi nimekaa, uso wangu uonekane. Na Papa Belyse aniambie mbele ya batu bote: nyumba ikienda, mi nitalala wapi?"

Belyse akapiga ukelele.

"Mana yanjye! Ni Nyogokuru kabisa! Muangalie vile anakaa!"

"Na ile sauti!" akasema mwingine. "Donc, amemuiga mpaka sauti!"

Wakaangua kicheko. Walidhani anamwigiza marehemu, kwa sababu katika nyumba ile Xavérine hakuwa na kazi nyingine mbele ya kamera isipokuwa kuchekesha. Protais alicheka mpaka akafuta machozi, na ili mchezo unoge akajitupa chini, magoti na mikono, mbele ya kiti, wakampandisha Jack mgongoni. Belyse akapiga. Picha ikatoka nzuri ajabu: bibi amekaa kitini, bwana mkubwa ni punda.

Protais alipoinuka alishika kiuno. "Aïe! Mugongo yangu!"

"Pole, Papa! Pole sana!" wakamkimbilia, mmoja akampangusa magoti, mwingine akamletea kiti. Xavérine alisikia neno hilo likiuchoma moyo. Mgongo wake ulikuwa umebeba wote waliosimama pale, na pole alikuwa hajawahi kuisikia hata mara moja.

Akangoja kicheko kiishe. "Papa Belyse," akasema polepole, "sikuwa naiga mutu."

Protais akamtazama, na safari hii hakuwa na mzaha. Akajikohoza. "Bon. Nilitaka kukuambia kesho. Pikipiki itakuja asubuhi, itakufikisha kwenu, Cyanzarwe. Batu yako iko kule."

Watu wake! Mama yake alishazikwa. Kaka yake Habineza alimwona mara ya mwisho kwenye mazishi hayo, na wakasalimiana kama watu waliokutana njiani.

Jack akaja akamvuta kitenge. "Tantine, punda! Punda!"

Wote wakamtazama, wengine wakitabasamu tayari, Belyse akiinua simu.

Xavérine akaitoa mikono ya mtoto taratibu. "Mwambie babu yako ainame," akasema. "Mugeni hapandwi ku mugongo."

Akaingia ndani kufunga nguo zake.