Ndege Yenye Mtoto Tumboni

Asubuhi ile nilianika samaki kwenye vichanja, nikampelekea dada Mwanahawa uji wa pilipili manga, kisha nikavaa sare ya mgambo na kwenda zamu. Dada alikuwa na siku tisa tangu ajifungue Salum. Arobaini yake ilikuwa bado mbali, na mkunga alikataza hata dirisha kufunguliwa.

Vita vilikuwa Kagera, mbali na Saadani yetu, lakini tuliambiwa adui ana ndege, nasi tukapangwa kuangalia anga. Sajini aliyetufundisha alikuwa na kitabu cha Kiingereza chenye picha za ndege. Nilizikariri zote, na kujisifu sikuacha. Iliyonikaa zaidi ni ndege ya vita fupi, nene kama yai, isiyo na magurudumu. Alitueleza kwamba ilibebwa tumboni mwa ndege kubwa ya mabomu, ikaachiwa angani kupigana, kisha ikarudi kujining'iniza kwenye ndoano.

"Lakini hiyo iacheni," alisema, akafunua ukurasa mwingine.

Sikumuuliza kwa nini. Nilidhani ni siri ya jeshi.

Saa nne ikatokea ndege kubwa upande wa baharini. Chini yake nikaona nyingine, ndogo.

Nikapiga filimbi.

"Ndege mama na mtoto wake! Wote handakini!"

Nilikimbilia kwa dada. Mkunga alisimama mlangoni.

"Mzazi hatoki, Zuhura. Handaki limejaa maji."

"Bora maji kuliko bomu, bibi."

Nikamsukuma kando.

Maji ya vuli yalitufika magotini. Dada alimkumbatia Salum kifuani, wanawe wakubwa watatu wamemshika kanga.

Ndege zikaenda zake. Hakuna kilichoanguka.

Kesho yake Salum alianza kukohoa. Siku ya nne tulimzika. Kijijini walisema macho ya Zuhura yameokoa watu, nami nilizipokea sifa hizo.

Miaka mingi baadaye, nikiishi Bagamoyo, nilikiona kitabu kama kile kwa mwalimu jirani yangu. Nikamwomba anisomee maneno yaliyo chini ya picha ile. Zilitengenezwa mbili tu za majaribio. Marubani walihangaika kuipata ndoano, na mpango ukaachwa kabla sijazaliwa. Hazikuwahi kwenda vitani. Basi nilichokiona ni ndege mbili tu, moja ikiruka juu, nyingine chini. Za nani, sijui hadi leo.

Nilishindwa kukaa na neno lile. Nikapanda gari hadi Saadani. Dada alikuwa anapara samaki. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mbona umeniambia?" aliuliza.

"Nataka unisamehe, dada."

"Sikuwa na la kukusamehe. Kila nilipomlilia Salum nilijiambia, wenzake watatu wamepona. Sasa nijiambie nini?"

Nilikwenda kuutua mzigo wangu, nikamtwisha yeye, na hilo nalijutia kuliko handaki.