Bwana Hapana na Lofoi ya Mwezi wa Kumi

Sisi tuliokulia Élisabethville, mji ungali na jina lile la wakoloni, majira tuliyajua kwa tumbo na kwa ngozi. Mvua zikianza, mwezi wa kumi na moja, tulikula uyoga mpana kama sinia na viwavi vya kukaanga. Mwezi wa sita na wa saba tulikwenda shule ya masista miguu mitupu, mikono kwapani, tukigombania ukuta uliopigwa na jua. Mwezi wa tisa majivu ya nyasi zilizochomwa porini yaliangukia nguo zilizoanikwa, na mama zetu wakatukana watu wasiowajua. Leo mjukuu wangu anatazama simu ajue kama kunanyesha, naye amesimama mlangoni.

Juzi huyo huyo aliniuliza: "Nkambo, Lofoi tuende mwezi gani?" Mwaka jana yeye na wenzake walikwenda katikati ya majira ya mvua. Gari lilizama kwenye matope kabla hata ya kupanda mlima, wakarudi wakiilaumu barabara. Nikamweleza taratibu. Mto Lofoi unapita juu ya uwanda wa Kundelungu, mahali pa juu penye baridi, kisha unadondoka ndani ya korongo refu la mawe. Nenda kati ya mwisho wa mwezi wa nne na mwezi wa sita: mvua imekatika, njia imekauka, maji bado ni mengi. Mwezi wa saba beba mablanketi mawili. Mwezi wa kumi kaa nyumbani, maana utakuta moshi na uzi wa maji.

Mimi nilikwenda mwezi wa kumi.

Baba yangu alikuwa mpishi wa mzungu mmoja wa mtaa wa Makomeno, karani wa ofisi ya mjini. Watumishi walimwita Bwana Hapana, kwa kuwa hilo ndilo neno la Kiswahili alilolimudu kuliko mengine. Ukimwambia supu ni ya moto, aliinywa upesi, akaungua, akakugombeza. Ukimwambia mvua inakuja, aliacha kofia makusudi. Kumjulisha jambo, kama wewe ni mtu mweusi, kulikuwa ni kumtukana.

Mwaka ule tulipata habari kwamba mama yake baba hawezi tena kusimama. Nkambo huyo alikaa kijijini, chini kabisa ya korongo la Lofoi. Mimi nilibeba jina lake, Mwape, na kwetu unayechangia naye jina ni "majina" yako. Majina lazima amshike mtoto kichwa, amtemee mate ya baraka, akiwa hai. Nilikuwa na miaka tisa na hatukuwa tumeonana. Mpishi hakupewa likizo ya kwenda kwao. Tumaini lilikuwa moja: Bwana Hapana mwenyewe aende kutazama maporomoko, kama alivyokuwa akijigamba kila siku, na mpishi wake afuatane naye.

Nilikuwa kwenye ngazi ya jikoni, namenya viazi, nikawasikia baba na bwana wake.

"Bwana, Lofoi ni mwezi ya tano. Maji iko mingi, inalia sana. Tungoye mwezi ya tano."

"Hapana! Mwezi ya tano nyasi iko murefu, nyoka mingi. Weye mupishi, unayua nini? Mwezi ya kumi, yote iko kavu."

"Mwezi ya kumi iko mubaya, Bwana. Moshi tu."

"Mwezi ya kumi!"

Baba akainamisha kichwa. Nilimwonea huruma sana.

Tukapita Kasomeno katika vumbi jekundu, mimi nyuma ya gari kati ya hema na sanduku la mikate, kwa sababu baba alisema anahitaji mtu wa kuokota kuni. Asubuhi ya pili Bwana Hapana alisimama ukingoni na darubini yake. Korongo lilijaa moshi. Ulipopungua, tukaona maji membamba mno; upepo uliyatawanya kabla hayajafika chini.

"Njo hii?"

"Njo hii, Bwana," baba akakubali.

Akageuka mwekundu. "Kunja hema. Tunarudia leo."

Tulitegemea siku zile tatu alizoahidi kukaa: moja ya kushuka, moja ya kulala kwa nkambo, moja ya kupanda. Nikamtazama baba. Alikuwa tayari anang'oa vigingi, tena kwa furaha.

"Bwana iko na akili. Turudie mbio. Baridi ya huku itakushinda. Wazungu wote banakimbiaka."

"Nani anakimbia? Hapana! Siku tatu! Simika hema!"

"Lakini Bwana, chakula chako..."

"Nitapika miye mwenyewe! Toka mbele yangu, sitaki kukuona mpaka siku ya tatu!"

Baba alinishika mkono, tukaondoka polepole, wenye huzuni, hadi tulipopotelea nyuma ya mawe. Hapo akakaa chini, akacheka mpaka machozi.

"Baba, kwa nini ulimwambia mwezi wa tano?"

"Kwa sababu ni kweli. Miaka sita namwambia kweli, hajaisadiki hata siku moja. Mwezi ya tano njia hii iko chini ya maji, Mwape. Muntu anapita mu mwezi ya kumi."

Tulipofika kijijini, nkambo alikuwa amelala kwenye mkeka mlangoni. "Nani amebaleta mu hii moshi?"

"Bwana moja anayeyua yote," baba akajibu. Nkambo alicheka hadi akakohoa. Kisha akanishika kichwa kwa mikono miwili, akanitemea mate mepesi kwenye paji. "Majina yangu," akasema. "Sasa jina ni lako."

Mvua zilipokuja, alikufa. Mwezi wa tano hakuuona.

Siku ya tatu, tulipopanda, Bwana Hapana tulimkuta amejikata kidole kwa kopo la samaki. Alitangaza mjini kwamba Lofoi ni uongo mtupu.

Mjukuu wangu amenisikiliza, kisha akaniambia kwa upole kwamba wataenda mwezi wa kumi, ndipo wenzake wanapopata likizo. Nimecheka: Bwana Hapana ameacha ukoo hata kwetu. Akanionyesha picha ya maji meupe, mengi, yakishuka. "Uliyaona hivi, Nkambo?"

Sikuyaona, hata leo sijayaona. Waende tu. Kijiji kimehama, njia ya kushuka imefunikwa na miti, na mwezi wowote watakaosimama ukingoni wapige picha, hakuna tena mtu anayewangoja chini.