Bosi Orijino na Pedi za Boksi la Kijani

Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika. Gereji nzima ilimwita Orijino, maana kwa miaka ishirini hakuna spea iliyoingia getini kwake kabla hajaiona chapa kubwa juu ya boksi. Hizi ambazo wenye maduka hubandika majina yao wenyewe aliziita takataka, tena bila kupepesa macho.

Sasa, mwezi uliopita akakuta boksi la kijani la duka la jirani kwenye pipa la taka. Fundi wake, aliyefanya naye kazi miaka tisa, alikuwa ametoka kufunga pedi za breki kwenye gari la mwalimu mmoja. Weee! Orijino alipandwa na mori.

"Unataka kuniulia mteja kwa feki? Tapeli mkubwa wewe!"

"Kaka, nisikilize kwanza. Mwalimu mwenyewe karidhia, na hizi pedi..."

"Kusanya vyako, toka!"

Wateja walisikia, mafundi walisikia, mpaka muuza matunda wa ng'ambo ya barabara aliacha kupanga machungwa akatoa macho. Fundi akabeba spana zake akaondoka. Orijino, bila haya, akajiona kidume.

Jana asubuhi akaenda duka lile lile kutafuta pedi za chapa yake. Alipoliona boksi la kijani rafuni, akaanza kejeli. Mwenye duka, mama mmoja mpole, hakubishana naye. Alifungua boksi la kijani na la chapa kubwa, akazigeuza pedi juu ya kaunta.

"Vaa miwani, baba. Soma."

Alama ya kiwanda ilikuwa moja. Namba ya mchanganyiko wa malighafi ya pedi ilikuwa moja, mpaka tarakimu ya mwisho.

"Kiwanda kinatengeneza, wenye chapa kubwa wanabandika jina lao, mimi nabandika langu. Fundi wako alizilinganisha hapa hapa kabla ya kununua. Hakukwambia?"

Angemwambia saa ngapi? Orijino alitamani ardhi ipasuke immeze. Alitoka bila kununua kitu, masikio yanamwaka, akaenda moja kwa moja kwenye gereji ndogo ambako fundi alikuwa amepewa kona. Madereva watatu walikuwa wamekaa wakisubiri magari yao.

"Mdogo wangu," akasema, "nilikosea. Pedi zilikuwa nzima. Nilikuita tapeli mbele za watu, na kosa hukuwa nalo. Nisamehe."

Orijino akajipa moyo kwamba angalau limekwisha.

Fundi alijifuta mikono kwa tambara, taratibu.

"Mimi nimekusamehe, kaka. Lakini habari ilifika nyumbani kabla yangu. Mama yangu siku hizi hatoki nje, anaona aibu kukutana na majirani. Kwake unakwenda lini?"

Mama yule, miaka yote tisa, alikuwa akimwita Orijino "mwanangu".